Bima ya safari niliyokata Malindi, na homa iliyonikuta Milano

Wenzangu wa biashara ya utalii hapa Malindi na Watamu, kila Februari ikikaribia wengi wetu hujitayarisha kwenda Milano, Italia, kwenye maonyesho ya utalii ya BIT, kutafuta wageni wa msimu unaofuata. Na wengi hukata bima ya safari kwa sababu moja tu, ubalozi unaitaka. Viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, huipati bila cheti cha bima kinachofika angalau euro 30,000. Basi mtu hupita kwa wakala, hulipia ile ya bei ya chini, hukichapisha cheti na kukitia kwenye bahasha pamoja na karatasi za benki, na habari ya bima imeishia hapo. Mimi yangu nimeitumia. Nimeugua ugenini, katikati ya baridi, nikiwa kazini, na nataka nieleze nilivyohudumiwa, kwa sababu kuna sehemu ya bima ile iliyonisitiri sana na kuna sehemu ambayo haikustahili pesa yangu. Kampuni siitaji, maana madai yangu hayajafungwa.

Niliondoka huku kaskazi inavuma na joto limepita nyuzi 30. Nilishuka Malpensa, kupitia Addis Ababa, asubuhi ya ukungu mzito na joto likiwa karibu na sifuri. Ndani ya ukumbi wa maonyesho umati wa watu, milango imefungwa, hita zimeikausha hewa mpaka koo linawasha. Nyumbani waliniambia baadaye kwamba ni baridi iliyoniingia mwilini. Baridi peke yake haileti mafua makali, huletwa na virusi, ila hewa ya baridi na kavu huvipa virusi hivyo nafasi ya kudumu, na watu wakijifungia ndani hupumuliana. Kule Italia mafua hayo hushamiri baina ya mwisho wa Desemba na Februari, ndio wakati wetu wa kwenda.

Jioni moja nilikuwa nimekaa na bibi mmoja wa Bergamo anayetafuta nyumba za Casuarina, hapa Malindi, kwa wageni wake wa Krismasi. Katikati ya mazungumzo mgongo ukaanza kuuma, kisha nikasikia baridi ya ndani kwa ndani ambayo koti halikuiondoa. Nikamaliza naye habari ya bei, nikaagana naye, nikatoka kutafuta dawa.

Duka la dawa halihusiani na bima, lakini siwezi kuliruka. Kule unalitambua kwa msalaba wa kijani unaowaka nje. Ukikuta limefungwa, mlangoni kuna karatasi inayokuelekeza duka lililo zamu usiku huo. Aliyenihudumia alikuwa mama wa makamo, koti jeupe, na kabla hajagusa rafu aliniuliza kama nina presha, dawa gani natumia, na kama kuna dawa inayonidhuru. Kiitaliano changu ni cha Lamu Road, cha kuzungumza na wageni tangu udogoni, na kilitosha. Nikamwambia nina presha na kila asubuhi nameza amlodipini. Papo hapo akairudisha pakiti ya vidonge vya mafua niliyokuwa nimemwonyesha kwa kidole. Akanieleza kwamba ina pseudoefedrini, inazibua pua lakini inaweza kuipandisha presha. Akanipa parasetamoli ya miligramu 500, kipimajoto na maji ya chumvi ya kusafishia pua. Nikamwomba antibiotiki, akakataa katakata, bila cheti cha daktari hatoi.

Nimesikia wenzetu wakinung'unika kwamba maduka ya dawa ya Italia yana roho ngumu. Mimi nasema tofauti. Hapa kwetu ni rahisi kuingia dukani na kutoka na amoksilini bila kuulizwa chochote, na kwa mafua ya virusi dawa ile haisaidii. Kwa mtu wa presha kama mimi, yule mama alinikinga na madhara ambayo nisingeyajua mpaka yanipate. Kama nyota zingekuwa zangu za kugawa, yeye angepata zote.

Sasa bima yenyewe. Saa nane za usiku kipimajoto kilisoma 39.6. Nilikuwa natetemeka mpaka kitanda kinalia. Mwenzangu wa Watamu, ambaye chumba chake kilipakana na changu, alibisha hodi akaingia na pakiti ya vidonge vya malaria alivyokuja navyo kutoka nyumbani.

"Dada, meza hivi. Hii malaria, wewe mwenyewe unaijua."

"Kaka, ngoja kwanza niwapigie watu wa bima."

"Bima itakupa dawa saa hizi?"

Hoja yake haikuwa ya bure. Malaria ile mbaya kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 7 na 14 baada ya kuumwa na mbu, kwa hiyo mtu anaweza kuumwa akiwa Malindi na homa ikamkuta Ulaya. Lakini mafua nayo huanza vivyo hivyo, kwa baridi na mwili kuvunjika. Kwa kuangalia tu, huwezi kujua.

Nikapiga namba iliyo nyuma ya cheti. Nairobi ilikuwa saa kumi alfajiri, na simu ikapokelewa na mtu, si mashine. Neno la kwanza aliloniambia lilikuwa, "Pole sana mama. Uko peke yako, au kuna mtu hapo karibu?" Namba ya cheti aliiuliza baadaye. Alikuwa muuguzi, hilo lilidhihirika kwa maswali yake. Akataka kujua nimetoka Malindi lini, kama nilikuwa nalala kwenye neti, kama ninaweza kukunja shingo mpaka kidevu kikaguse kifua, kama nahema ninapozungumza, kama nimekojoa tangu jioni. Nilipomtajia vidonge vya kaka, akasema kwa upole, "Mwambie kaka aviweke. Damu ipimwe kwanza. Ukivimeza sasa, daktari atakayekuona atapata taabu kujua nini kinakusumbua." Akaniambia pia kwamba ningekuwa nahema au nimechanganyikiwa, asingetaka nipoteze muda naye, ningepiga 112, namba ya dharura ya kule, moja kwa moja.

Kisha akafanya kazi ambayo ndiyo hasa tunayoilipia. Akatafuta hospitali iliyo karibu, akaipelekea barua ya dhamana kwamba kampuni italipa, na akanifundisha la kusema nikifika mapokezi, yaani nina homa na nimetoka Kenya, pwani, mahali penye malaria. Nilitaka kujua kwa nini nianze na hilo. Akasema katika vyumba vya dharura vya Italia wagonjwa hupangwa kwa rangi, kuanzia nyekundu ya wanaopigania roho mpaka nyeupe ya wasio na haraka, na homa ya msimu wa mafua inaweza kukaa kwenye foleni hadi kukuche. Mtu aliyetoka penye malaria ni habari nyingine.

Na kweli, sikukaa sana. Damu ikatolewa, pua ikapanguswa kwa kijiti. Daktari aliponiuliza Malindi iko upande gani nikamtajia kaunti yetu, na jina la Kilifi alilijua kutokana na tafiti za malaria zinazofanywa na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pale Kilifi. Nilifurahi, hata katika hali ile. Malaria haikuonekana, kilichoonekana ni kirusi cha mafua, aina ya A. Akaniagiza nirudi siku ya pili damu ipimwe tena, kwa sababu kipimo kimoja kisichoonyesha malaria hakitoshi kwa mtu mwenye homa aliyetoka kwetu, vijidudu huweza kuwa vichache mno mwanzoni. Hili naomba mlishike. Ukiambiwa mara moja kwamba huna malaria na homa bado ipo, rudi.

Sikutoa hata senti mezani. Mchana wake yule muuguzi wa Nairobi alinipigia mwenyewe kuniuliza nimeamkaje, na siku ya kurudia kipimo akanipigia tena kuhakikisha nimekwenda. Sijui mnalipima vipi jambo kama hilo. Mimi nilikuwa nimelala chumba cha hoteli kwenye mji wa watu, nje ukungu, watoto wangu wako mbali, na kuna mtu kazini kwake amelikumbuka jina langu. Mpishi wa hoteli naye alinipikia wali mweupe kwa mafuta ya zeituni na jibini kidogo, ndicho chakula cha wagonjwa cha kwao, na tumbo liliupokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Kaka wa Watamu alikaa kwenye meza yetu ya maonyesho akawaeleza watu habari za magofu ya Gede na korongo la Marafa kwa niaba yangu. Mungu amlipe.

Kwa huduma ya simu, basi, nyota tano, na ningetoa zaidi.

Idara ya madai ni hadithi nyingine, na hapo nyota ni mbili. Hospitali ililipwa moja kwa moja, shukrani kwa ile barua ya dhamana. Lakini dawa, teksi za usiku na ada ya kusogeza tarehe ya tiketi nilizilipa mwenyewe, nirudishiwe nikifika nyumbani. Nimefika, nimepeleka karatasi, na kila wakipokea moja huomba nyingine. Wametaka ripoti ya daktari, wakaipata, kisha wakataka iliyotafsiriwa kwa Kiingereza na mtafsiri anayetambulika, kwa gharama yangu. Wametaka pasi ya kupandia ndege ya kwenda, kana kwamba muhuri wa pasipoti hautoshi. Risiti ya duka la dawa wamesema haisomeki. Hilo la risiti nawaonya wote. Risiti zile ni za karatasi inayochapwa kwa joto, zikikaa kwenye mkoba hapa kwetu maandishi hufifia mpaka karatasi inabaki nyeupe. Zangu nilikuwa nimezipiga picha siku ileile, nikawapelekea picha, na bado tunabishana. Kampuni inayoweza kuipata hospitali ya Milano alfajiri haishindwi kusoma picha ya risiti. Naiona dharau kwa mteja.

Na wakala wetu hapa mjini? Kijana ana adabu, ananiita mama, chai aliniletea. Lakini aliniuzia cheti bila kunieleza mambo ambayo mteja hawezi kuyajua asipoambiwa. Hakunieleza kwamba ukitibiwa bila kulazwa ni lazima upige simu kabla ya kwenda, la sivyo wanaweza kukataa kulipa. Mimi nilipiga kwa kuwa nilikuwa na homa na hofu. Hakunieleza kwamba katika kila dai kuna kiasi cha mwanzo ninachojibebea mwenyewe. Na la presha ndilo linaloniudhi zaidi. Fomu ina swali la maradhi uliyonayo tangu zamani, na alitaka kuliruka ili tumalize haraka. Nikamwambia, "Mwanangu, andika presha." Akaandika. Kama presha ingechangia kunilaza na isingekuwemo kwenye fomu, leo ningekuwa na deni la hospitali ya Ulaya. Wenye sukari, presha, pumu, msikubali fomu ipite bila hayo kuandikwa, hata bei ikipanda kidogo.

Mtaniuliza kama ile ya bei ya chini kabisa inafaa. Kwa ubalozi inafaa. Kwa mgonjwa, tazameni nani anapokea simu usiku. Ipigeni ile namba kabla hamjalipa, saa za usiku, msikie anayejibu ni nani na anajua nini. Euro 30,000 kwenye karatasi ni kiwango ambacho kila kampuni inayouza bima ya Schengen lazima ikifikie, hapo hawapishani. Wanapishana kwenye simu.

Jambo la pembeni kidogo, ila linahusu. Chanjo ya mafua ichomeni mapema, angalau wiki mbili kabla ya safari, mwili upate muda wa kujiandaa. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mchanganyiko wa chanjo hiyo mara mbili kwa mwaka, mmoja kwa nchi za kaskazini ya dunia na mwingine kwa za kusini, kwa hiyo mwelezeni daktari kwamba mnaelekea Ulaya na ni mwezi gani. Barakoa nazo zibebeni. Kwenye ukumbi ule walioivaa walikuwa wachache, na nilisikia kukohoa kila upande.

Nitaikata tena bima hiyohiyo, kwa ajili ya yule muuguzi na wenzake wa zamu ya usiku. Wakala nimeshamweleza yote haya uso kwa uso, naye ameahidi kuwatengenezea wateja karatasi ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yenye namba ya simu juu kabisa na masharti matatu niliyoyataja. Nilipopita ofisini kwake mara ya mwisho karatasi hiyo ilikuwa haijatoka, kwa hiyo mkienda mwombeni, na asipokuwa nayo mkalisheni awasomee masharti yenyewe kabla hamjatoa pesa.