Kombaini ya mtumba ya Italia kwenye karakana ya nyumbani, Rau, Moshi: nyota nne

Mafundi wa Pasua niliokuwa nachangia nao banda wananiuliza swali moja tu: ile kombaini ina thamani ya shilingi 8,500,000? Kwangu ndiyo, na leo ningeinunua tena. Kwa fundi mwenye banda la futi 10 kwa 10, hapana, hata akiuziwa kwa nusu bei. Nimeipa nyota nne kati ya tano, na ile moja iliyopungua ni ya muuzaji kuliko mashine.

Kwa asiyeijua, kombaini ni mashine moja ya useremala inayofanya kazi tano. Juu kuna randa ya kunyoosha uso wa mbao, upana wake milimita 300. Chini ya randa hiyo hiyo ndipo unapopitisha mbao kupata unene. Upande wa pili kuna msumeno wa duara wenye meza ya kuteleza, karibu yake spindo ya kutoa mifereji na nakshi za fremu, na ubavuni kitoboleo cha matundu ya kuingizia ulimi wa mbao nyingine. Mota ni tatu, kila moja kilowati 2.2. Bati lake linaonyesha Italia na mwaka 1994. Jina la kiwanda limekwanguka halisomeki. Meza zote ni za chuma cha kusubu, na uzito wake unakaribia kilo 700. Uzito huo ndio niliolipia.

Kilichonisukuma kutafuta mashine yangu ni kurandisha. Miaka yote ya Pasua nilikuwa napakia mbao kwenye guta, napeleka kwa mwenye mashine, napanga foleni, nalipa kwa futi. Mbao inarudi laini kabisa, mteja akiipapasa anafurahi, lakini haijanyooka. Thikinesi, yaani mashine ya kupiga unene, peke yake hainyooshi mbao. Rola zake zinaikandamiza mbao iliyopinda mpaka ilale, kisu kinapita juu, na ikishatoka upande wa pili inarudia kupinda kwake kama kawaida, ila sasa ni nyembamba zaidi. Mlango uliopigwa kwa mbao ya namna hiyo unakaa vizuri siku ya kuufunga, mwezi unaofuata umeanza kukwaruza sakafu na simu zinaanza. Utaratibu ni kunyoosha kwanza uso mmoja kwenye randa ya juu, halafu ukingo uwe pembe mraba na ule uso, ndipo upitishe chini. Kwenye foleni ya kurandisha hakuna mwenye muda wa kukufanyia hayo. Futi ni futi, lipa, mwingine aje.

Nilizitazama pia zile mashine ndogo mpya za kuweka juu ya meza zilizojaa kwenye maduka ya vifaa. Zina rangi nzuri na warranti ya karatasi. Meza zake ni fupi, za alumini, na mota ni za kaboni, zile zinazopiga kelele kama bodaboda isiyo na mafla. Ubao wa futi 12 ukiupitisha, mkia unaning'inia, na kisu kinachimba kidonda kwenye zile inchi za mwisho. Kwa mwenye kazi za stuli na mbao za kukatia vitunguu zinatosha. Mimi napiga milango, vitanda na makabati ya jikoni.

Sasa eneo. Karakana yangu ni ya tofali za bloku, futi 40 kwa 24, nyuma ya nyumba hapa Rau. Watu wanadhani nimejitanua. Pima mwenyewe: mbao ya futi 12 inataka futi 12 kabla ya kisu na futi 12 baada ya kisu, na mashine yenyewe ipo katikati. Hapo hujageuza ubao wa MDF wa sentimita 244 kwa 122 kwenye meza ya msumeno. Mashine nimeiweka katikati ya jengo, nimeilaza kidogo mshazari ili mbao ndefu ziwe na pa kutokea kupitia mlango mkubwa. Benchi, stoo ya mbao na chumba cha kupaka vanishi vimesukumwa kwenye kuta.

Sakafu ya pale inapokaa nilimwaga zege ya 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), unene inchi 6, na wavu wa BRC ndani. Niliimwagilia na kuiacha, maana zege huhesabiwa kufikia nguvu yake baada ya siku 28, na mimi sikutaka kilo 700 zikae juu ya zege bichi. Mashine ilishushwa kutoka kwenye Fuso kwa winchi ya mnyororo, ikaviringishwa juu ya mabomba ya chuma hadi mahali pake, vijana wanne na kelele za mtaa mzima. Kisha pimamaji, vipande vya bati chini ya miguu, pimamaji tena. Meza ya chuma cha kusubu ikikaa kwenye sakafu iliyoinama inajikunja polepole, na hapo hakuna randa itakayotoka sawa.

Umeme ndio uliokula pesa nyingine. Nyumba ilikuwa na njia moja (fezi moja), volti 230, kama nyumba nyingi za hapa. Mashine inataka njia tatu, volti 400. Bahati yangu ni kwamba nguzo zilizopita mbele ya geti zina nyaya nne, maana yake laini ya njia tatu ilikuwa tayari mtaani. Ambaye kwake zinapita nyaya mbili tu aulize kwanza TANESCO gharama za kuvuta laini kabla hajampa mtu yeyote hela ya mashine. Kuna njia nyingine, inveta inayochukua njia moja na kutoa tatu kwa ajili ya mota moja kwa wakati. Ukitaka kupita huko, soma bati la mota yenyewe. Likiandikwa 230/400, fundi anaweza kuiunga delta ikafanya kazi kwa volti 230 za inveta. Likiandikwa 400/690, sahau.

Nilimtumia fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na nashauri hivyo hivyo. Tulipowasha mara ya kwanza randa ikazunguka kinyume. Hakushtuka. Alizima meni, akabadilishana nyaya mbili kati ya zile tatu, akawasha, ikazunguka inavyotakiwa. Alichonisisitizia zaidi ni kinga ya kukatika njia. Njia moja ikipotea, mota ya njia tatu haizimi. Inanguruma, inapata moto, inaungua. Kifaa cha kuzuia hilo ni kidogo kama kiberiti kikubwa na bei yake si kitu ukilinganisha na kusuka mota upya.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Kijana anayenisaidia amepita Chuo cha Viwanda vya Misitu hapa Moshi, na ndiye anayepanga visu. Napenda kumtazama. Anazima meni, anatia kufuli kwenye swichi, ndipo anagusa. Gogo la randa lina visu vitatu. Anaweka rula ya mbao iliyonyooka juu ya meza ya kutokea, ncha yake ikipita juu ya gogo, kisha analizungusha kwa mkono taratibu. Kisu kikifika juu kinaigusa rula, kinaibeba, kinaisogeza mbele kidogo, kinaiacha. Anatia alama ya penseli iliposimama. Inatakiwa isogee milimita 3 hivi, ileile mwanzo wa kisu na mwisho wa kisu, na ileile kwa visu vyote vitatu. Isiposogea kabisa, kisu kipo chini. Ikisogea sana, kipo juu, na mbao itachimbwa mwishoni. Anakaza boliti za kati kwanza, halafu za pembeni, anapima tena kwa sababu kukaza kunahamisha kisu. Asubuhi nzima inaweza kuishia hapo. Baada ya hapo randa inatoka bila mawimbi, na msasa unaanzia namba 120 badala ya 60.

Mbao ninayoipitisha zaidi ni mgrevilea wa mashamba ya Uru na Kibosho, ile inayopandwa kivuli kwenye kahawa na migomba. Mafundi wengi wanaidharau kwa sababu wanaikuta mbichi. Mimi naipanga kwa vijiti kati ya mbao na mbao, chini ya paa, kwa kanuni ya zamani ya mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Ikichanwa kuelekea kiini inatoa mameremeta mapana ambayo mteja wa mjini anadhani ni mbao ya nje ya nchi. Kombaini inaichana na kuiranda bila kung'oa nyuzi, mradi visu viwe vikali. Mbao za msindano za Sao Hill zinapita kama karatasi, shida yao ni utomvu unaoganda kwenye rola, unafutwa kwa mafuta ya taa. Mninga unapita vizuri sana. Mvule wenye nyuzi za kupishana unataka upunguze kina cha kisu hadi nusu milimita na usiwe na haraka.

Kero ya kombaini ni kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine. Ili upige unene lazima uinue meza za randa, na kizuizi cha pembeni kitoke. Spindo ikiwa juu, meza ya msumeno imezibwa. Ukirudi, unapima pembe mraba upya. Kwa hiyo siku hizi nachana mbao za kazi nzima kwanza, nanyoosha zote, napiga unene zote, ndipo natoboa. Fundi aliyezoea kuruka ruka kutoka mlango hadi kitanda atachoka nayo wiki ya kwanza.

Muuzaji sasa. Ni yadi moja ya mashine za mtumba upande wa Arusha, sitaitaja. Mashine ilifika haina ule ubapa wa chuma unaokaa nyuma ya msumeno, unaozuia mbao isibane diski na kurushwa tumboni mwa fundi. "Fundi wangu, kesho naweka kwenye basi," akaniambia kwenye simu. Kesho hiyo haijafika. Visu viwili navyo vilikuwa na mapengo, nikaagiza seti mpya kutoka Dar es Salaam. Ubapa nilichongesha kwa fundi vyuma. Unene wake uwe mkubwa kuliko bamba la diski na mdogo kuliko njia inayochanwa na meno. Wa kwangu ni milimita 2.5. Bila kifaa hicho sikuruhusu mtu yeyote achane hata kipande cha futi moja.

Vumbi nalo ni gharama ambayo haipo kwenye bei ya mashine. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani tangu 1995, na hata bila saratani, vumbi la mvule linakuwasha pua mpaka unasahau unachopima. Nimefunga mashine ya kunyonya vumbi yenye mifuko miwili na mabomba ya inchi 4 hadi kwenye matundu ya kombaini. Inachukua maranda ya randa vizuri. Ule unga mwembamba wa msumeno bado unapeperuka, kwa hiyo barakoa haivuliwi.

Maranda ya mgrevilea na msindano yamenisuluhisha na jirani. Kelele za randa si mchezo, na siku za mwanzo Mama Joyce alikuja hadi mlangoni.

"Baba Neema, shikamoo ya mashine yako nimeisikia tangu alfajiri. Leo inalala saa ngapi? Nina mtoto wa mitihani."

"Saa kumi na moja nazima, mama. Na jumapili haiwaki."

Sasa anachukua magunia ya maranda kwa ajili ya banda la kuku wake, na akiona nimepitisha saa kumi na moja anagonga bati mara moja tu.

Masika yalipokuja meza zilianza kutu usiku mmoja. Usipake oili, inaingia kwenye mbao na vanishi inakataa kushika. Nasugua kwa kipande cha mshumaa, nafuta kwa kitambaa kikavu, na mbao zinateleza vizuri zaidi. Usiku nafunika kwa turubai.

Ukienda yadi kutafuta ya kwako, chukua rula ya chuma ya mita moja iliyonyooka na tochi. Weka rula juu ya meza zote mbili za randa, mulika kwa chini, mwanga usipite. Shika gogo la visu ulitikise juu na chini. Likicheza, beringi zimekwisha. Tazama kama chuma kina ufa uliochomelewa. Omba waiwashe kwa umeme, si kwa maneno, na vifaa vyote viwe vimefungwa kwenye mashine kabla hujahesabu hela.