Nilivyoumbuka stendi kwa mafuvu ya resini

Natoa nyota moja. Mwanzo niliandika sifuri nikafuta, mtaona kwa nini.

Wanaocheza vita vya mezani, ule mchezo wa vikosi vya wanajeshi wadogo, watanielewa: mwanajeshi wa plastiki juu ya kisahani kitupu, yaani kitako anachosimamia, anafanana na kifuniko cha chupa kilichoota miguu. Mchanga wa kisahani mimi sinunui. Nauchota korongoni huku Nkuhungu, nauchekecha kwa kichujio cha chai, naubandika kwa gundi ya mbao, kazi imeisha. Mawe ndiyo usiseme, Dodoma yamejaa. Shida ni vile vipambo vya kutupia miguuni: vipipa, mapanga yaliyovunjika, na hasa mafuvu ya saizi ya punje ya mtama. Kuna jamaa Dar anayachapa kwa printa ya resini, plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga. Nikaagiza mia.

Sasa, resini ikitoka kwenye printa huwa haijaiva. Inaoshwa kwa spiriti, halafu inamulikwa kwa taa ya UV mpaka igande kabisa. Sijui huyu bwana alikuwa na haraka gani. Mafuvu yalikuwa yananata kama ubuyu wa rangi uliokaa kwenye kiganja cha mtoto.

Hilo ningelimeza. La stendi ndilo limenikaba.

Dada wa vifurushi pale Nanenane (basi silitaji) alikuwa ameshafungua mzigo kabla sijafika. Eti selotepu iliachia yenyewe. Selotepu iliyokatwa kwa wembe, nyoofu kama rula! Mafuvu yangu yamemwagwa juu ya daftari la mizigo, anayageuza kwa ncha ya kalamu. Akaniuliza kwa sauti ya mnadani: "Kaka, mganga wako anakaa wapi?"

Foleni nzima ikacheka, isipokuwa mama mmoja aliyemvuta mwanawe nyuma. Nikajieleza, ni mapambo ya mchezo, dada, kuna wanajeshi wadogo hivi. "Mtu mzima na ndevu zako?" Akanisainisha. Kisha akayazoa kwa kiganja, na kwa vile yananata yakaondoka na vumbi lote la kaunta, ganda la karanga na vipande vya rasta zake. Nyumbani nikahesabu: 93. Saba yako chini ya kaunta ile mpaka leo, na naomba yamkoseshe usingizi.

Nikampigia muuzaji. Ningeridhika hata na pole. Akajibu, "Bosi, si vya kubandika hivyo? Kunata ndiyo faida."

Faida!

Nikakaa na hasira siku mbili tatu. Halafu nikavaa glovu (resini mbichi inawasha ngozi, msiichezee mikono mitupu), nikayasugua kwa mswaki wa zamani na spiriti ya duka la dawa, nikayaanika uani kwenye sinia kuanzia saa sita mchana. Jua la Dodoma mnalijua, na hiyo UV anayotakiwa kuilipia umeme yeye, huku tunapigwa nayo bure. Kufika saa kumi yalikuwa makavu, ukitikisa sinia yanalia kama uwele. Nikapaka rangi ya mfupa, nikapitisha kahawia iliyozimuliwa, mwisho brashi kavu juu juu.

Yakatoka meno. Meno, jamani, kwenye kitu cha milimita nne hivi! Sijawahi kupata vipambo vya namna hii, na inaniuma kukiri.

Basi nyota tatu. Nne za mafuvu... hapana, nikikumbuka ile "faida" zinarudi mbili. Wekeni mbili.

Fuvu moja bado lina unywele wa rasta uliogandia kwenye tundu la jicho, nimeng'ang'ana nao mpaka nikachoka. Nimelibandika kwenye kisahani cha kapteni. Mke wangu anasema ndilo zuri kuliko yote.

Nimeagiza tena, vipipa. Safari hii shemeji anakuja na SGR, vitakaa kwenye mkoba wake.