Prosesa ya kompyuta kali ya gemu: angalia kashe kabla ya kuhesabu viini

Ukiingia dukani ukasema unataka prosesa kali ya gemu, muuzaji atakuonyesha yenye namba kubwa: viini (vitengo vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) 16, viini 24, GHz karibu 6. Namba hizo zinamfaa anayehariri video. Kwenye gemu, kinachozitenga prosesa za juu siku hizi ni kashe, yaani ile kumbukumbu ndogo yenye kasi sana iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Gemu huitisha data kidogo kidogo bila kupumzika. Isipokuwepo kwenye kashe, prosesa inaifuata kwenye RAM, kumbukumbu kuu ya kompyuta, na huko ndiko fremu (picha zinazopita kwa sekunde) zinakopotea.

Halafu jiulize unachezea kioo gani. Kama ni cha 4K, kazi kubwa iko kwa kadi ya picha, na prosesa ya kati kama Ryzen 5 9600X haitakuangusha. Prosesa za hapa chini ni za mwenye kioo cha 1080p au 1440p cha Hz 144 na kuendelea, au anayecheza vitu kama Counter-Strike 2 na Microsoft Flight Simulator, ambavyo huielemea prosesa.

Namba moja kwangu ni Ryzen 7 9800X3D ya AMD. Ilitoka Novemba 2024 kwa dola 479, ina viini 8 tu, lakini kashe yake ya L3, ile ngazi kubwa zaidi ya kashe, ni MB 96. Zile za kawaida za viini 8 zina MB 32. Safari hii AMD waliihamisha kashe ya ziada wakaiweka chini ya viini, wakati kwenye toleo lililotangulia ilikuwa juu yake. Si jambo dogo: viini sasa viko karibu na kipoza joto, kwa hiyo prosesa inakimbia hadi GHz 5.2 bila kuchemka ovyo. Kwa sisi wa Dar, Mombasa au Tanga, ambako chumba chenyewe kina joto kabla hujawasha chochote, hilo peke yake ni sababu ya kulipa zaidi. Kipoza cha hewa cha mnara chenye feni mbili kinatosha; cha maji ni urembo.

Ya pili ni Ryzen 7 7800X3D ya 2023, yenye kashe kiasi kilekile. Iko nyuma kidogo kwa kasi, ila inakula umeme kidogo mno, na ukiipata kwa bei iliyoshuka vizuri, ichukue, tofauti itie kwenye kadi ya picha. Kama unaiweka kwenye ubao mama wa mwanzoni mwa 2023, sasisha BIOS (programu ya ubao mama inayoiamsha kompyuta) kwanza. Mwaka huo baadhi ya prosesa hizi ziliungua kwa sababu ya volti kubwa, na AMD wakaweka kikomo kupitia BIOS mpya.

Ryzen 9 9950X3D ina viini 16 na ilizinduliwa kwa dola 699. Inunue kama gemu zako zinaenda sambamba na kazi ya video au 3D. Kwa gemu peke yake ni kuchoma hela, maana kashe ya ziada iko upande mmoja tu wa viini 8, na Windows inabidi ilaze vile vingine ili gemu likae upande unaofaa.

Intel? Core Ultra 7 265K ni nzuri kwa kazi, na ikiuzwa kwa bei ya punguzo inashawishi, lakini kwenye gemu haizifikii hizi za AMD zenye X3D kwenye jina. Nikutahadharishe zaidi kuhusu Core i7 na i9 za kizazi cha 13 na 14 zilizotumika. Nyingi zilidhoofika kwa volti kuzidi, mpaka Intel wakaongeza dhamana kwa miaka miwili. Marekebisho ya 2024 yanazuia uharibifu mpya, hayaponyi iliyokwisha kuharibika, na muuzaji hatakuambia iliishi vipi.

Ukinunua ubao mama uliotumika, fungua soketi ya AM5, pale prosesa hizi za Ryzen zinapokaa, uimulike kwa tochi ya simu ukiwa umeinamisha ubao. Pini ziko kwenye soketi, si kwenye prosesa, na moja iliyopinda huonekana kwa kung'aa kinyume na wenzake. Kifuniko cha prosesa hizi kina mikato pembeni, hivyo pasta ya kupitishia joto usiimwage. Ikijaa mle kuitoa ni kazi ya mswaki na spiriti.

RAM iwe DDR5 ya 6000, vipande viwili, na uwashe EXPO (mpangilio unaoiruhusu RAM ifikie kasi yake kamili) kwenye BIOS, la sivyo itakimbia taratibu bila wewe kujua. Ubao wa B650 unatosha kabisa, mradi BIOS yake iwe mpya. Ule wa juu zaidi, X870E, mwachie anayehitaji USB4, yaani tundu la USB la kasi kubwa.