Centaur au Contessa? Kabla hujalipa, vua viatu upande sitahani

Pesa za korosho zilipoingia msimu wa juzi, nilinunua boti ya tanga ya faiba. Chapa yake siitaji, kwa sababu kosa lilikuwa langu na la dalali. Ilikuwa nyeupe kama yai, sitaha, ile sakafu ya juu, ina rangi mpya, hata sufuria za mwenyewe wa zamani zimo jikoni. Wiki ya pili mjomba wangu, fundi wa mashua hapa Mikindani, Mtwara, akapanda peku, akatembea kutoka tezi, yaani nyuma, mpaka omo, mbele, akarudi, akasimama karibu na mlingoti akabonyeza kwa kisigino.

"Mpwa wangu," akasema, "hapa chini kuna uji."

Tangu nisimulie kisa hicho, wanaotaka boti ya zamani ya kusafiria, kushindania na kuishi humohumo wananiuliza mimi. Karibu wote wametajiwa boti mbili zilezile za Uingereza: Westerly Centaur na Contessa 32. Matanga na injini sitavizungumzia sana. Tanga hushonwa, injini hufunguliwa. Mimi naanza na sitaha.

Sitaha za boti nyingi za faiba za miaka ya 1970 si faiba tupu. Ni matabaka mawili membamba ya faiba, katikati umebanwa mti laini uitwao balsa, ili sitaha iwe ngumu bila kuwa nzito. Mambo ni mazuri mpaka mtu atoboe tundu. Na matundu ni mengi: kila nguzo ya ukingoni, kila winchi, kila kifungio cha kamba kina bolti zinazopenya mle. Gundi ya kuzibia ikikauka na kupasuka, maji yanaingia kwenye mti, yanatambaa polepole, mti unaoza, matabaka yanaachana. Huku kwetu mvua inanyesha tangu Desemba hadi Aprili, halafu jua linapika. Kwa juu huoni chochote.

Kwa hiyo vua viatu utembee, unyayo utahisi pale panapobonyea. Kisha chukua bisibisi, ugeuze, ugonge kwa mpini kila shubiri. Sitaha isiyooza inalia kavu, ko, ko, ko. Iliyooza inajibu kama papai lililoiva. Kwangu tulifungua bolti moja tu ya nguzo ya kushoto, yakatoka maji ya rangi ya chai ya rangi, yakatiririka hadi kwenye godoro, yananuka kama mhogo uliovundikwa. Mjomba akakata kipande cha faiba ya juu, akaanza kuchota mti kwa kijiko. Kijiko cha kulia wali! Dawa yake ni kukata, kuchota, kukausha, kubandika mti mpya kwa gundi ngumu ya epoksi na kurudisha faiba. Na kila tundu jipya litobolewe pana, lijazwe epoksi, ikishakauka ndipo litobolewe tena kwa kipimo cha bolti, ili chuma kisiguse mti kabisa. Siku hizi sitaha yenye rangi mpya inanitisha kuliko iliyopauka.

Haya, mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Centaur, na upendeleo wangu siufichi. Iliundwa kuanzia 1969 hadi 1980 kwa mchoro wa ofisi ya Laurent Giles, na zilitoka zaidi ya 2,000. Ina futi 26 na mikuku miwili, ile mapezi mazito ya chini ya boti, iliyotanuka kama miguu ya mtu anayesukuma gari, na kina cha futi 3 kinaitosha. Mtu wa Mikindani nimweleze nini tena? Bamvua likipwa inakaa wima mchangani yenyewe. Mchana unakwangua chaza na kupaka rangi chini, maji yakijaa unaelea. Magadi ya kuitegemezea ya nini? Ndani ni pana kwa boti ya urefu huo, mtu anaishi. Upungufu wake unajulikana: mikuku ile inapokalia mchanga hutaka kuachama, na nyingi zimebidi kuongezewa nguvu pale inapoungana na boti. Inua mbao za sakafu, umulike ngamani, chini kabisa ndani ya boti, kuzunguka bolti za mikuku. Ukiona ufa, shusha bei au shuka wewe. Na kwenda joshi, yaani kuukabili upepo, kweli, ni mvivu.

Ya pili ni Contessa 32, kazi ya David Sadler na Jeremy Rogers, ya tangu 1971. Katika mashindano ya matanga ya Fastnet ya 1979, kule Uingereza, dhoruba ilikuta boti 303 baharini na washindani 15 wakafa. Katika daraja la boti ndogo kabisa ilimaliza moja tu, Contessa 32 iitwayo Assent. Kutoka Dar es Salaam kurudi Mtwara wakati wa kusi, zaidi ya maili 200 za bahari, upepo na mkondo vyote usoni, ningeomba niwe ndani ya hii. Kwa mashindano pia ni hii, ingawa ukiwa hapa utashindana na nani? Ipeleke Msasani, Dar, kwenye klabu ya boti. Lakini kwa futi zake 32 ni nyembamba, ubavu wake uko chini, mawimbi yanapanda sitahani, nami kuhusu maji sitahani nimeshasema. Mkuku wake mmoja unataka futi 5 na nusu. Ikipwelewa inalala ubavu kama ng'ombe.

Boti ya uvuvi iliyochomekwa mlingoti ni ya bei rahisi. Iache.

Kinachoniudhi zaidi ni madalali. Mnada wa korosho ukitangazwa tu, bei inapanda, tena kwa dola. Picha ni za miaka kumi iliyopita, mwenyewe "yuko Ulaya", na kuna hela ya kwenda kutazama tu. Boti ina bendera ya nje, ushuru wa forodha haugusiwi mpaka umeshalipa. Nenda TRA, mamlaka ya mapato, kwanza, ndipo utoe hata shilingi.

Yangu bado ina turubai juu. Jumanne dalali yuleyule alinipigia, ana nyingine, safi kabisa. Nikamuuliza sitaha imepakwa rangi lini.

"Jana tu, dada."