Miezi Minne na Linux Mint Ndani ya ThinkPad ya Mwaka 2015

Kompyuta mpakato ninayoieleza hapa ni ThinkPad T450, toleo la mwaka 2015, niliyoinunua Kariakoo ikiwa imekwisha kutumika Ujerumani, na hata leo kibodi yake inaonyesha Z mahali ambapo sisi tumezoea kuiona Y. Vidole vyangu vilijifunza mapema kutozijali herufi hizo, na kwa miaka minne mashine hii ilinifanyia kazi zote ikiwa na Windows 10: kuandika ripoti, kutunza hesabu ndogo za nyumbani, kuhariri picha na kuhudhuria mikutano ya mtandaoni.

Kilichonilazimisha kufikiri upya ni kalenda. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha msaada wa kawaida wa Windows 10, mfumo uliotolewa 29 Julai 2015, na hatua iliyokusudiwa kufuata ni Windows 11. Mfumo huo unataka chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0, na kwa upande wa Intel unataka prosesa ambayo, ukiondoa chache sana, iwe ya kizazi cha nane na kuendelea. Ndani ya T450 yangu mna Core i5-5300U ya kizazi cha tano, yenye viini viwili tu, na TPM yake ni ya toleo la 1.2. Zipo mbinu za kuuzunguka ukaguzi huo, na ulikuwepo pia mpango wa kuongezewa mwaka mmoja wa masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, lakini sikutaka kutegemea mlango wa uani wala kuahirisha jambo ambalo ningelazimika kulikabili baada ya miezi kumi na miwili. Mashine ilikuwa nzima. Nikaamua kubadili mfumo endeshi badala ya mashine, na kuhamia Linux, mfumo huria usio wa Microsoft.

Sikuwa mgeni kabisa katika ulimwengu huu. Mwaka 2006, nikiwa mwanafunzi, niliagiza diski ya Ubuntu 6.06, mojawapo ya mifumo ya jamii ya Linux, kupitia huduma iliyoitwa ShipIt, ambayo wakati ule ilimtumia mtu yeyote duniani diski hizo bila malipo, na bahasha ikafika katika sanduku la posta la shangazi yangu. Jina la Ubuntu lenyewe, lililochukuliwa kutoka lugha za kusini mwa Afrika, halikuhitaji kutafsiriwa kwa mtu anayelijua neno utu. Miaka hiyohiyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, uliozaa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na sisi vijana tuliamini kuwa baada ya muda mfupi kila ofisi nchini ingekuwa ikibonyeza menyu ya «Faili» badala ya «File». Nilidumu na Ubuntu miezi mitatu. Modemu niliyokuwa nayo haikutambulika, na kompyuta isiyoingia kwenye intaneti haikuwa na faida kubwa kwangu, hata kama ilinifurahisha kuitazama.

Safari hii nilichagua Linux Mint 22.2, iliyotoka Septemba 2025, yenye mwonekano wa Cinnamon. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itapata masasisho hadi mwaka 2029, muda ambao huenda ukaizidi hata betri yangu. Pili, mpangilio wake una kitufe cha menyu chini kushoto, upau wa kazi na saa chini kulia, yaani kila kitu kipo pale ambapo mke wangu atakitafuta bila kuniita. Wakuu wa Mint huyapa matoleo yao majina ya wanawake, na hili linaitwa Zara. Mtu wa Pwani atadhani kuna herufi imedondoka njiani.

Faili la ISO, yaani nakala nzima ya mfumo inayowekwa kwenye flashi ya kusakinishia, lina karibu gigabaiti 3, kwa hiyo nililipakua kwa kifurushi cha usiku, kisha nikalihakiki kwa kulinganisha alama zake za SHA-256, msimbo unaobadilika faili likiharibika hata kidogo, na zile zilizotangazwa. Wengi huiruka hatua hii, lakini kwa mtu anayepakua kwa mtandao unaokatika mara mbili ndani ya saa moja, dakika hizo mbili humwepusha na usakinishaji unaokwama katikati. Kabla ya hapo nilikuwa nimeongeza RAM kutoka gigabaiti 4 hadi 8 na kuiondoa diski ya zamani inayozunguka ili kuweka SSD ya gigabaiti 240. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona watu wakiisifu Linux kwa kasi ambayo, kwa haki, nusu yake ni sifa ya SSD.

Mint huruhusu kuiendesha moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na nilikaa nayo hivyo jioni nzima nikijaribu Wi-Fi, sauti, kamera, mwanga wa skrini na vile vitufe vitatu vilivyo juu ya kipanguso (touchpad). Vyote vilifanya kazi bila kutafuta viendeshi popote. Ndipo nikasakinisha, nikaiachia Windows gigabaiti 60 mwanzoni mwa diski kwa sababu nitakayoieleza mwishoni. Usakinishaji ulichukua muda wa kupika wali na kuuepua.

Katika matumizi ya kila siku, nikiwa peke yangu, sina la kulalamikia. Mfumo ukiwa umewaka na hakuna programu iliyofunguliwa, hutumia gigabaiti 1 na kidogo ya RAM, na nikiwa na kivinjari cha Firefox chenye kurasa kumi na tano pamoja na LibreOffice, programu za ofisi zinazokuja na Mint, mashine haianzi kuhema. Feni, ambayo zamani ilivuma kila asubuhi wakati masasisho yalipokuwa yakijitafutia nafasi, sasa huisikia ninapohariri video tu. T450 ina betri mbili, moja ya ndani na moja ya nyuma inayochomoka, na Mint huzionyesha kila moja na kiwango chake. Umeme ukikatika huchomoa ile ya nyuma na kuweka nyingine iliyojaa bila kuzima kazi, kwa kuwa ya ndani hushikilia mashine katika muda huo.

Masasisho ndiyo yaliyonipendeza kuliko nilivyotarajia. Ngao ndogo kwenye upau wa kazi huniarifu kuwa yapo, huniorodheshea moja moja pamoja na ukubwa wake, na baada ya hapo huniacha. Hakuna kilichowahi kupakuliwa wakati natumia kifurushi cha simu hadi nilipobonyeza mwenyewe, wala mashine haijawahi kujiwasha upya nikiwa katikati ya mkutano. Kwa mtu mwenye intaneti isiyo na kikomo hili ni jambo dogo, lakini kwa anayenunua bando kwa gigabaiti, ni tofauti kati ya kumaliza wiki na kutomaliza. Kando yake ipo Timeshift, inayohifadhi hali ya mfumo ili mtu aweze kurudi nyuma. Nimeihitaji mara moja, nilipoharibu mipangilio ya skrini kwa kuhangaika na kitu ambacho hakikuwa kibovu, na ndani ya dakika kumi nilikuwa nimerudi jana yake.

Matatizo huanza pale kompyuta yangu inapokutana na za watu wengine, na mtaani kwetu mahali pa kukutana ni steshenari.

Wiki ya kwanza niliinunua flashi mpya, nikaifomati kwa mfumo wa kupangia mafaili wa ext4 kwa kuwa ndio Linux yenyewe inautumia, nikaweka humo barua ya kurasa nne na kwenda kuichapa. Dada wa steshenari aliichomeka, akasubiri, akaichomoa, akaipuliza, akaichomeka tena. Kompyuta yake ilikuwa ikimwuliza kama anataka kuifomati. «Kaka, flashi yako imekufa hii,» aliniambia kwa huruma ya mtu aliyezoea kutoa habari za namna hiyo. Haikuwa imekufa, Windows haiusomi ext4 bila msaada wa programu ya ziada. Kosa lilikuwa langu mwenye kujiita mjuzi, na tangu siku hiyo flashi zangu zote zina exFAT, inayosomeka pande zote mbili.

Niliporudi na flashi inayosomeka, barua ilifunguka lakini jedwali la ukurasa wa tatu lilikuwa limeteleza na kumwaga mstari mmoja kwenye ukurasa wa nne. Nilikuwa nimeiandika kwa LibreOffice na kuihifadhi kama docx. Programu hiyo inazisoma na kuziandika hati za Word vizuri kuliko ilivyokuwa zamani, na fonti za Carlito na Caladea zimetengenezwa makusudi ziwe na upana uleule wa herufi za Calibri na Cambria, hivyo maandishi ya kawaida hubaki mahali pake. Majedwali yenye seli zilizounganishwa, vichwa vya ukurasa vyenye picha na visanduku vya maandishi vinavyoelea ndivyo vinavyosumbua. Sasa nina utaratibu usiovunjwa: kinachokwenda kuchapwa kinakwenda kikiwa PDF, na docx humtumia yule tu anayehitaji kuihariri. Mwenzangu mmoja wa kazini, ambaye hati yetu hupita mikononi mwake mara sita kabla ya kukamilika, bado hunipigia simu kuuliza kwa nini namba za orodha zimebadilika, na kwa hati za namna hiyo naifungua Word kwenye kivinjari.

Hata hivyo, steshenari hiyohiyo ilinionyesha upande mwingine wa shilingi. Mara nyingi flashi hutoka pale na virusi vinavyoyaficha mafaili halisi na kuacha njia za mkato zenye majina yaleyale, na ukibonyeza mojawapo kwenye Windows ndipo unapovikaribisha nyumbani. Kwenye Mint njia hizo ni mafaili yasiyo na maana, na folda iliyofichwa huonekana wazi ukiruhusu kuonyesha vilivyofichwa. Nimekwisha kuwaokolea majirani wawili kazi zao kwa njia hiyo, pamoja na mwalimu mmoja aliyekuwa amebakiza siku moja kuwasilisha maksi. Ni lazima niseme pia kwamba kinga hii hainifanyi nisiwe mchukuzi: virusi ambavyo havinidhuru vinaweza kukaa kwenye flashi yangu hadi kwa mwingine, kwa hiyo naifuta kila inaporudi. Ndani ya nyumba nimeiacha flashi kabisa. Mint ina Warpinator, inayorusha mafaili kati ya kompyuta zilizo kwenye Wi-Fi moja bila kutumia hata megabaiti moja ya kifurushi.

Uandishi wa Kiswahili unastahili neno lake. LibreOffice ina kamusi ya Kiswahili ya kukagua tahajia, na niliiwasha kwa furaha, lakini lugha ambayo kitenzi chake hubeba nafsi, wakati, urejeshi na mtendwa kwa pamoja haikamatiki kirahisi kwa orodha ya maneno. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa na mistari myekundu mingi kuliko makosa. Nimeendelea kuongeza maneno kwenye kamusi yangu binafsi, na kwa sasa inanifaa zaidi kunasa herufi zilizopinduka kuliko kuniambia lipi ni Kiswahili.

Printa ya nyumbani ilinichosha kuliko kitu kingine chochote. Printa nyingi za miaka ya karibuni hutumia utaratibu wa pamoja ambao Linux huutambua yenyewe, lakini yangu ni ya zamani kidogo na mtengenezaji wake hakuwahi kutoa programu ya Linux. Inachapa kwa kiendeshi kilichotengenezwa na wapenzi wa kujitolea, rangi zikiwa zimepauka kidogo, na kuskani nafanya kwa simu. Anayetaka kuhama namshauri aijaribu printa yake kwa Mint ya kwenye flashi kabla ya kugusa diski; mimi nilijaribu kila kitu jioni ile isipokuwa printa, kwa kuwa ilikuwa imefunikwa kitambaa chumba cha pili.

Zoom ina toleo la Linux na inafanya kazi kama kawaida. WhatsApp haina, kwa hiyo inakaa kwenye kivinjari, na mikutano ya kazini nayo inakaa humohumo. Huduma za serikali ninazozitumia zote ni za kivinjari na hazikujali kama nina Windows au sina.

Zile gigabaiti 60 za Windows zipo kwa ajili ya programu ya mahesabu ya duka la mke wangu, ambayo haina toleo la Linux. Nilijaribu kuiendesha kwa Wine, inayowezesha programu za Windows kufanya kazi ndani ya Linux. Ilifunguka, ikaonyesha stoo yote, lakini ikagoma kuchapa risiti, na duka lisilotoa risiti halina mjadala. Hapo nilikumbana na jambo ambalo wenye mifumo miwili wanapaswa kulijua. Windows, kwa mipangilio yake ya kawaida, haijizimi kabisa bali huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili iwake haraka, na Mint ikilikuta eneo la diski lenye Windows katika hali hiyo hulifungua kwa kusoma tu. Kwa siku mbili nilidhani nina diski inayokufa. Nilipouzima huo uwakaji wa haraka, mafaili ya duka yakaanza kuandikika kutoka pande zote.

Sehemu hiyo naiwasha mara moja kwa wiki, Jumapili jioni, ikiwa imekatwa intaneti. Tumekwisha kuzungumza na kijana mwenye programu ile, naye anasema toleo linalofuata litakuwa la kivinjari. Mke wangu amemwambia alete kwanza alione.