Gilgameš kwa Kifaransa: tafsiri ya Jean Bottéro kwa wasomaji wa Lubumbashi

Tafsiri hii ya Gilgameš, shairi refu la kale la Mesopotamia lililoandikwa kwenye vibao vya udongo, ilitolewa na wachapishaji Gallimard mwaka 1992, na jalada lake linatangaza habari za mkubwa asiyetaka kufa. Hapo tuna ugomvi nalo. Mkubwa huyo yumo, lakini kifo hakimshiki koo mpaka rafiki yake Enkidu augue katika Kibao cha VII. Kabla ya hapo kitabu ni cha watu wawili, na anayekifungua akitafuta kifo tu ataruka kile kinachokifanya kifo hicho kiumize.

Enkidu anafinyangwa kwa udongo ili Gilgameš, mfalme anayewatesa watu wa mji wake wa Uruk, apate wa kulingana naye. Wanakutana mlangoni mwa nyumba ya arusi, wanapigana mweleka, kisha wanapatana. Katika Kibao cha III, Ninsun, mama yake Gilgameš, anamfanya Enkidu kuwa mwanawe. Usiupite haraka mstari huo. Tangu hapo si urafiki wa kupiga soga tena, ni undugu, kama ule ambao wazee waliufunga kwa kuchanjana chale. Ndiyo maana Kibao cha VIII kina uzito wa kilio cha mtu wa nyumbani: mito, misitu na wazee wa Uruk wote wanaitwa walie, na marehemu anafunikwa uso kama bibi arusi. Kisomeni kwa sauti, mkipokezana. Halafu katika Kibao cha X Gilgameš mwenyewe anaeleza kwamba alikataa mwili wa Enkidu uzikwe kwa siku sita na usiku saba, hadi funza alipodondoka puani. Hakuna mahubiri ya matanga yanayofika hapo.

Sifa kubwa ya Bottéro ni kwamba hakuyachanganya matoleo ili yapendeze. Toleo la Ninawi, mji wa kale wa Ashuru, ambalo mapokeo yanasema lilitungwa na mwandishi Sîn-lēqi-unninni na ambalo nakala zake nyingi zilitoka katika maktaba ya mfalme Ashurbanipal, linasimama peke yake. Vipande vya toleo la zamani zaidi la Babeli vinawekwa kando. Ni uaminifu, lakini una mtego. Maneno mashuhuri ya Siduri, muuza pombe wa ukingo wa bahari, kwamba Gilgameš ashibe, acheze usiku na mchana, avae nguo safi, amtazame mtoto aliyemshika mkono na amfurahishe mkewe, hayamo katika Kibao cha X cha Ninawi. Yamo katika toleo la zamani. Wanaoyakosa hudhani nakala yao imekatwa kurasa. Dawa yake ni hii: someni X hadi Gilgameš anapofika kwa Siduri, simameni, nendeni kwenye vipande vya zamani, kisha mrudi.

Shairi zima lilikuwa na mistari kama 3,000, na karibu theluthi yake imepotea. Kwa hiyo mtakutana na nukta na mabano mengi, hasa katika Vibao vya IV na V. Msiyaone kuwa takataka za chapa: yanaonyesha palipovunjika udongo na pale mfasiri alipojaza kwa kukisia. Hapa ndipo fotokopi zinapoharibu kazi. Ikinakiliwa mara ya pili au ya tatu, mabano hufifia na namba za mistari pembeni hukatwa, basi makisio yanasomeka kama maneno ya wahenga. Herufi š ni sh tu, isiwatishe.

Kasoro halisi ni umri wa kitabu. Mwaka 2014 ilichapishwa sehemu ya Kibao cha V kutoka kibao kilichonunuliwa na jumba la makumbusho la Sulaymaniyah, Iraki, na bila shaka Bottéro hakuwa nayo. Ndani yake msitu wa mierezi una kelele za ndege na nyani, na baada ya Humbaba, mlinzi wa msitu huo, kuuawa Enkidu anasema wameugeuza msitu kuwa ukiwa, watamjibu nini mungu Enlil? Msomaji wa Lubumbashi, anayeona miombo ikiisha ndani ya magunia ya makala, anastahili mistari hiyo. Itafuteni kwingine na muiingize.

Kibao cha XI kila mtu hukikimbilia kwa ajili ya gharika. Sisi tungekaa zaidi kwenye mikate. Utanapištî, mzee aliyenusurika gharika hiyo, anamwambia Gilgameš akeshe siku sita na usiku saba, naye analala palepale. Kila siku mke wa mzee anaoka mkate na kutia alama ukutani. Gilgameš anapoamshwa anabisha kwamba amesinzia kidogo tu, basi anaonyeshwa: wa kwanza mgumu, wa pili kama ngozi, wa tatu umelowa, wa nne umekuwa mweupe, wa tano una ukungu, wa sita umetoka tu kuokwa, wa saba ungali juu ya makaa. Asiyeweza kushinda usingizi atashindaje kifo? Baadaye nyoka anamwibia mmea wa ujana, naye anarudi mikono mitupu na kumwonyesha Uršanabi, mwendesha mashua aliyefuatana naye, ukuta wa Uruk kwa maneno yale yale ya Kibao cha I. Shairi halisemi kwamba amekua. Wekeni vifungu hivyo viwili sambamba, mjadiliane wenyewe.

Mkikutana na Kibao cha XII, msishangae Enkidu yu hai tena: ni tafsiri ya sehemu ya shairi la Kisumeri iliyobandikwa mwishoni. Kipangieni siku yake.