Nimenunua fanzini ya komiki ya miaka ya 60, cheki hii zambarau!

Oya wadau, karibuni tena, leo hakuna simu, najua mmezoea simu, tulieni. Hii kitu inaitwa fanzini, yaani kijarida cha komiki ambacho shabiki mwenyewe kakitengeneza nyumbani kwao, Marekani, miaka ya 60. Saizi, kurasa, pini mbili pembeni, mnaona wenyewe, twende.

Kilichonimaliza ni hii rangi. Ngoja nisogeze kamera... umeona? Zambarau tupu! Sasa hii sio saiklostaili ile ya mitihani ya shule, ile ni stensili na wino. Hapa dogo anapiga taipu juu ya karatasi, chini yake kuna karatasi ya nta yenye rangi, kwa hiyo maandishi yanatokea kinyumenyume kwa nyuma, hiyo karatasi ya juu anaifunga kwenye silinda, anazungusha mkono, kila karatasi inayopita imelowana spiriti kidogo inalamba rangi. Na ikilamba imelamba! Za kwanza zimekolea, ikifika ya mia mbili na kitu unasoma kwa kukisia. Yangu nahisi ni ya mwisho mwisho, cheki huyu jamaa mwenye kofia, uso hana. Na aliyeniuzia kaandika "hali nzuri sana", hali nzuri gani na hii selotepu?

Ile saiklostaili aliitumia Jerry Siegel, mtunzi wa Superman, kule Cleveland, Marekani, 1933, dogo wa miaka 18 bado yuko sekondari, mshikaji wake Joe Shuster anachora. Kijarida kilikuwa cha hadithi za sayansi, ndani kuna Superman, ila huyo Superman ni kipara, mkorofi, anasoma mawazo ya watu! Matoleo 5 kikafa. Baadae wakamgeuza akawa mtu mwema, na 1938 wakauza haki zake kwa dola 130. Mia na thelathini jamani! Mimi hiki nimelipa... sitaji, shemeji yenu yuko hapo sebuleni.

Turudi kwenye zambarau. Kuna chaneli zinasema Alter Ego, fanzini maarufu ya komiki, ilianzishwa na watoto, hapana bwana, Jerry Bails wa Detroit 1961 alikuwa mwalimu wa chuo, ila na yeye alianza na zambarau hii hii. Mwenzake Roy Thomas ndo alikuwa na miaka 20, na 1972 kawa mhariri mkuu wa Marvel, kampuni kubwa ya komiki, kutoka kwenye pini na gundi! Na mashabiki kwa ujumla walipatanaje? Mhariri wa DC, kampuni ya komiki za Superman, Julius Schwartz, alianza kuchapa barua za wasomaji na anwani kamili, basi madogo wakaandikiana moja kwa moja, kama nyie kwenye komenti, ila kwa stempu.

Halafu cheki, ukurasa wa katikati umekolea, jalada limepauka, kumbe rangi hii haipatani na mwanga kabisa... na mimi nimeiweka chini ya taa dakika ngapi hapa? Wee, zima, zima hiyo taa!